Namba Iliyozaliwa Sebuleni kwa Aagje

Tjerk ndiye aliyecheka kwanza, na Tjerk akicheka darasa zima hugeuka.

"Mwalimu, njoo usikie! Tumeiuliza inakunywa maji kiasi gani, na imejibu bila hata kuona haya."

Geertje Kistemaker alikwenda akasimama nyuma ya kiti chake. Wiki hiyo alikuwa akiwafundisha watoto wa kidato cha tatu kupima vyanzo: habari imetoka wapi, nani kaisema kwanza, kaijuaje, na anafaidika nini ikiaminiwa. Mada hakuhangaika kuitafuta. Pale kijijini Waardkoog watu hawakuwa na neno jingine mdomoni ila akili unde, umeme inaoula na maji inayokunywa. Ukisimama dirishani mwa darasa uliliona Bohari, kituo cha data, jengo refu la kijivu lisilo na dirisha hata moja, limelala katikati ya mashamba kama sanduku lililosahauliwa na wahamaji. Kompyuta zilizokuwa ndani zilipozwa kwa maji ya mfereji, na mfereji huo ndio uliowanywesha wakulima wote wa maua ya tulipu upande ule.

Kwenye skrini mashine ilikuwa imeandika, kwa adabu zake zote, kwamba kituo cha Waardkoog kinatumia lita milioni mia tatu za maji kila kiangazi, "kwa mujibu wa mtaalamu wa maji wa eneo hilo".

"Inajisema yenyewe," alisema Tjerk. "Kama mlevi anayehesabu chupa zake."

"Mlevi huwa anapunguza," alijibu Madelief Buis bila kuinua kichwa.

Madelief alikuwa msichana mwembamba, mzito wa kusema, na baba yake alikuwa fundi wa pampu ndani ya Bohari lenyewe. Kwa hiyo aliposema jambo lolote kuhusu maji, wenzake walitazamana.

"Haya," Geertje akapiga makofi. "Mtaalamu huyo ni nani?"

"Haikusema."

"Basi kazi yenu ni hiyo. Rudini nyuma, hatua kwa hatua. Huyu kaitoa kwa nani, na yule kaitoa kwa nani. Mkifika pasipo na pa kurudi tena, hapo ndipo kwenye chanzo. Na msiniletee majibu ya mashine. Inueni simu, mwulize mtu."

Aliyasema hayo kwa raha. Namba yenyewe aliijua vizuri mno. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bango lililofungwa getini kwake: LITA MILIONI MIA TATU! NA SISI JE?

*

Mumewe, Siem, alikuwa jikoni amesimama, mkono mmoja umeshika kipande cha mkate wenye jibini, mwingine unapunga hewani.

"Waheshimiwa madiwani," aliliambia friji. "Kiangazi kilichopita bodi ya maji ilitukataza kunyunyizia. Pampu zetu zikafungwa. Je, pampu za Bohari zilifungwa? Hazikufungwa!"

"Usimkaripie diwani," alisema Geertje akivua koti. "Friji litakuvumilia, diwani hatakuvumilia."

"Nikiongea polepole wanalala."

Alhamisi jioni halmashauri ilikuwa inawasikiliza wananchi kabla ya kupiga kura. Kampuni ilitaka kujenga Bohari la pili, na kiwanja chenyewe kilipakana na shamba la Siem. Bomba lake jipya lingetumbukizwa mferejini hatua chache juu ya bomba la Siem. Mwaka wa mvua lisingekuwa neno. Mwaka wa ukame, ambao sasa ulikuwa unakuja kila baada ya mwaka, Siem angebaki na matope. Wakulima wenzake walikuwa wamemchagua aseme kwa niaba yao wote.

Ilikuwa katikati ya Mei, maua yalishakatwa vichwa ili vitunguu vya chini, yaani mbegu za tulipu, vinenepe, na hapo ndipo vinapohitaji maji kuliko wakati wowote. Mvua haikuwa imenyesha tangu Pasaka. Siem alikuwa haketi. Alikula amesimama, alisoma barua amesimama, na kila baada ya muda alitoka nje kutazama mbingu kana kwamba ana ahadi nayo. Mavuno ya mwaka uliopita yalikuwa madogo kama karanga, akayauza kwa bei ya kulia, na tangu hapo mshahara wa Geertje ndio ulionunua dizeli. Hakuna aliyewahi kulitamka hilo ndani ya nyumba.

"Nyinyi darasani mnafanya nini siku hizi?" aliuliza Siem.

"Vyanzo. Wanaitafuta namba yako inatoka wapi."

"Safi kabisa! Waambie waje Alhamisi, wapige makofi."

*

Jumatano, kengele ilipolia, Madelief alibaki. Alisubiri hata Tjerk akatoka, akafunga mlango mwenyewe, jambo ambalo Geertje hakulipenda. Mwanafunzi akikufungia mlango, ama analia ama wewe ndiye utakayelia.

"Mwalimu, nimefika mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa namba. Mashine imeitoa kwenye gazeti la mkoa. Nikawapigia gazeti la mkoa, wakasema wameitoa kwenye kipeperushi cha wakulima. Kipeperushi kimeitoa kwenye gazeti la kijiji, toleo la mwezi wa tatu. Ndipo lilipoanza lile neno, mtaalamu wa maji. Nikampigia simu mhariri."

Mhariri wa gazeti la kijiji, karatasi nane zilizobanwa pini, alikuwa Coba, dada yake Siem.

Geertje alikaa chini. Alijua kabla msichana hajasema. Kama vile mtu anavyosikia glasi ikiteleza mezani, akajua itavunjika, na mkono haufiki.

Ilikuwa Februari, mama mkwe wake Aagje alitimiza miaka themanini na mmoja. Viti vilipangwa duara sebuleni kama ilivyo ada, kila aliyeingia akazunguka kumpongeza kila aliyekaa, mwenye sikukuu na asiye na sikukuu: hongera kwa mama yako, hongera kwa mkweo, hongera kwa jirani yako. Kahawa, kipande kimoja cha keki, kisha kimya. Katika duara lile kimya ni adui wa wote, na yeyote mwenye neno hulitoa. Aagje akauliza, kwa kuua tu kimya, lile Bohari linakunywa maji kiasi gani. Siem akameza keki akaanza kuhesabu. Pampu yangu inavuta mita za ujazo sitini kwa saa. Bomba lao nimeliona siku ya kulifukia, ni kama langu mara tano. Kiangazi kikavu, saa elfu moja. Haya, lita milioni mia tatu! Duara zima likasema loo. Coba akaiandika. Geertje alikuwa ameshika chano, akapita akiuliza nani ataongezewa kahawa.

"Mhariri alicheka," Madelief alikuwa akisema, akitazama viatu vyake. "Alisema, 'Mtaalamu? Si kaka yangu Siem! Yumo kwenye kamati ya kukagua mifereji.' Alidhani najua tayari."

"Na hesabu yenyewe?"

"Baba anasema..." Akasita. "Baba haruhusiwi kusema. Amesaini. Lakini pampu zile hulala, mwalimu. Zinaamka siku za joto kali tu. Siku nyingine zote ni feni."

Hapo Geertje aliliona kosa zima, na lilikuwa kosa la mkulima wa tulipu. Mtu wa kawaida akiliona bomba angeuliza linafanya kazi lini. Siem asingeuliza. Kwake bomba lililo mferejini ni bomba linalovuta: ukipewa ruhusa ya maji wakati wa ukame unavuta mchana na usiku, kabla bodi haijafunga. Bomba lililolala hajawahi kulifikiria maishani.

"Ni kiasi gani basi? Kwa kweli?"

"Hakuna anayejua. Nimewaandikia kampuni, wamenijibu ni siri ya biashara, wakanitumia kalamu." Aliitoa mfukoni, ya kijani, imeandikwa neno la kusifu mazingira. "Mwalimu, mimi nimejiandikisha kusema kesho. Kule halmashauri. Nilijiandikisha Jumatatu, kabla sijajua. Nifanyeje?"

Geertje alifungua mdomo. Kila kitu alichokifundisha miaka yote kilikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa fupi.

"Kazi yako ni nzuri," alisema mwishowe. "Nzuri sana." Na akajiona mwoga, kwa sababu hilo halikuwa jibu.

*

Jioni hiyo Aagje alikuwa amekuja kula, kama kila Jumatano. Viazi vya kuponda, soseji, na mtindi wa maji. Geertje alisubiri Siem apakue, kisha akasema yote bila kupumzika, kama mtu anayebandua plasta.

Siem hakuelewa mara ya kwanza. Mara ya pili aliweka uma chini.

"Unaniambia namba yangu ni uongo."

"Siyo uongo. Ni makisio uliyoyatoa na keki mdomoni, yakazunguka nchi nzima yakarudi yamevaa suti."

"Nilipiga hesabu!"

"Ulihesabu pampu zao kama zako. Zao zinalala."

"Nani kasema zinalala? Mtoto wa Wouter Buis? Mtu anayelipwa na Bohari?" Alicheka bila furaha. "Hiyo ndiyo mnaita chanzo? Wewe mwenyewe unafundisha, nani anafaidika! Haya, nani anafaidika?"

Neno hilo lilimpiga mahali pake, kwa kuwa lilikuwa swali zuri.

"Na ile sitini?" aliuliza Geertje. "Mita sitini kwa saa, umeitoa wapi?"

"Geer, pampu ni yangu! Nitakosa kuijua pampu yangu? Baba aliiweka pale mimi nikiwa na suruali fupi!"

"Ulikula vipande viwili vya keki siku ile," alisema Aagje, akikata soseji yake taratibu. "Nilikuona. Vipande viwili, na wageni walikuwa hawajafika wote."

"Mama, tafadhali."

"Nasema tu. Mimi ndiye niliyeuliza. Ningejua ningeuliza habari za hali ya hewa."

Siem alisimama, bila shaka. Alikwenda dirishani, akarudi. "Kesho nikisimama bila namba, nitasema nini? Kwamba tuna wasiwasi? Kila mtu ana wasiwasi! Yule mwanamke wa kampuni anakuja na michoro ya rangi. Sisi tuna kitu kimoja tu kinachowafanya wanyamaze, nacho ni hiyo namba. Wewe ni mwalimu wake. Mwambie huyo mtoto asiseme."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siem, nimewaambia warudi nyuma mpaka mwisho. Siwezi kuwaambia mwisho wenyewe usiwe mlangoni kwangu."

"Mlangoni kwako!" Uso wake ulikuwa umeiva. "Ndiyo, najua ni kwako. Dizeli ni yako, umeme ni wako, na mlango sasa ni wako."

Aagje aliacha kutafuna. Lile lisilotamkwa lilikuwa limetamkwa, na likakaa pale mezani kati ya viazi na haradali, na hakuna aliyejua pa kuliweka. Siem alichukua kofia akaenda kwenye pampu yake ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa.

"Baba yake alikuwa vivyo hivyo," alisema Aagje. Akatoa mfukoni boksi la peremende nyeusi za chumvi, akalisukuma mezani. "Chukua moja. Hazisaidii, ila zinachukua muda kuisha."

*

Asubuhi Geertje alimkuta Madelief kwenye maegesho ya baiskeli. Alikuwa ameandaa maneno njiani kote, upepo ukimpiga usoni. Alitaka kusema: sema yote. Alitaka pia kusema: nionee huruma. Yaliyotoka yakawa, "Umejiandaa?"

"Ndiyo, mwalimu." Msichana alifunga kufuli la baiskeli yake, akaongeza kwa sauti ndogo, "Usiwe na wasiwasi."

Maneno hayo mawili matatu yalimsumbua kutwa. Aliyarudia wakati wa kusahihisha, wakati wa chakula, wakati mkuu wa shule aliposimama mlangoni kumkumbusha, kwa tabasamu, kwamba kompyuta za maktaba ni zawadi ya kampuni na kwamba shule haina upande. Mtoto humwambia mwalimu asiwe na wasiwasi kwa nini?

Ukumbi wa halmashauri ulijaa. Wakulima walikaa kushoto na buti zao, watu wa kampuni kulia, na katikati wale ambao siku zote hukaa katikati. Geertje alikaa safu ya tatu pamoja na Aagje. Siem alikuwa mbele na hakugeuka. Tangu jana walikuwa wameambiana mambo mawili: chumvi iko wapi, na funguo ziko wapi.

Meya alieleza utaratibu. Kila aliyejiandikisha ana dakika tano, asiyejiandikisha ananyamaza. Kisha akaliita jina la Siem.

Geertje alimtazama akipanda, shati la harusi na misiba limemkaza shingoni, na kwa muda mfupi akaamini atasema vingine. Siem alianza polepole, kama alivyoshauriwa. Alisema juu ya ukame, juu ya pampu zilizofungwa, juu ya vitunguu vidogo kama karanga. Alisema vizuri. Kisha akatazama upande wa wenzake, wanaume aliokua nao tangu utoto, wote wakimngoja, na sauti ikampanda.

"Lita milioni mia tatu, waheshimiwa! Kila kiangazi! Na sasa wanataka mara mbili yake!"

Upande wa kushoto ulilipuka kwa makofi. Bi Terpstra, mwanamke wa kampuni, hakutikisika. Aliandika kitu kidogo, akakipigia mstari. Anajua, Geertje aliwaza. Anajua haitoki popote, na anaitunza aje kuwaumbua nayo kesho.

"Madelief Buis," aliita meya.

Msichana alipanda na karatasi moja. Kipaza sauti kilikuwa juu mno, akakivuta kikalia, watu wakacheka kidogo kwa wema.

"Sisi kidato cha tatu tulifundishwa kupima vyanzo," alisoma. "Tuliiuliza akili unde inatumia maji kiasi gani hapa kwetu, ikasema lita milioni mia tatu. Tukafuatilia. Mashine imeitoa kwenye gazeti la mkoa. Gazeti la mkoa limeitoa kwenye kipeperushi cha wakulima. Kipeperushi kimeitoa kwenye gazeti la kijiji."

Akainua macho, akaitafuta safu ya tatu, akampata mwalimu wake.

"Zaidi ya hapo," alisema, "hatukupata chanzo."

Akaanza kukunja karatasi.

Geertje alihisi nafuu, ilimwagika ndani yake kama maji ya moto. Imekwisha. Siem yuko salama, nyumba iko salama. Na nyuma ya nafuu hiyo, palepale, ikaja aibu ambayo hakuwahi kuionja. Mtoto huyu mkweli kuliko darasa zima amesimama mbele ya kijiji akadanganya, na amedanganya kwa ajili yake. Hili ndilo nililomfundisha. Kwamba vyanzo vinafuatwa mpaka vifike kwa mtu unayemheshimu, hapo unakunja karatasi.

Alisimama kabla hajaamua kusimama.

"Umekipata, Madelief."

"Bi Kistemaker," alisema meya, "hukujiandikisha."

"Sisemi, mheshimiwa. Namkumbusha mwanafunzi wangu mstari aliouruka."

"Mwalimu..." Macho ya msichana yalijaa maji.

"Usome, mwanangu. Kazi yako ni nzuri, usiikate mguu kwa ajili yangu."

Ukumbi ulikuwa kimya, kimya kile kile cha duara la sebuleni, na safari hii hakuna aliyekuwa na neno la kukiua. Madelief alianza kuikunjua karatasi. Ndipo kiti kiliposogea mbele, na Siem akageuka. Alimtazama mkewe muda mrefu. Geertje hakuweza kuusoma uso ule, na walikuwa wameoana miaka ishirini na sita.

"Mwacheni mtoto," alisema Siem kwa sauti nzito. "Ni mimi. Mtaalamu wa maji ni mimi. Niliisema kwenye bethidei ya mama yangu."

Kicheko kilianzia katikati, kikaenda kulia, kisha, na hili ndilo lililouma, kikafika kushoto. Mtu alipiga kelele, "Siem, na keki ilikuwa lita ngapi?" Bi Terpstra alitabasamu, tabasamu dogo la mtu aliyeletewa sahani mezani.

Siem alisubiri. Masikio yake yalikuwa mekundu kama bango lake.

"Chekeni. Ni haki yenu. Niliona bomba lao, nikalilinganisha na langu mara tano, nikazidisha kwa saa elfu. Labda nimekosea, labda zinalala, sijui. Lakini mimi nimewaambia nilivyoipata, mbele ya mama yangu mzazi." Akamgeukia Bi Terpstra. "Wewe binti, ya kwenu ni ngapi?"

"Bwana Kistemaker, hizo ni taarifa za kibiashara..."

"Sikukuuliza sababu. Nimekuuliza ngapi."

"Siwezi kusema hapa."

"Masikini," alisema Aagje, si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ulikuwa na mwangwi. "Kampuni nzima, na hakuna hata mmoja aliyealikwa bethidei."

Hata meya aliinamisha uso kuficha kicheko. Diwani mmoja, mwuza baiskeli ambaye kila mtu alijua atalikubali ombi la kampuni, aliuliza kwa upole anatakiwa apige kura juu ya nini, ikiwa namba moja ni ya keki na nyingine ni ya siri. Walijadiliana hata kahawa ikapoa. Mwisho wakaahirisha kura mpaka vuli, kampuni ilete vipimo vyake vya maji, la sivyo isilete ombi.

*

Haukuwa ushindi. Wenzake Siem waliona wameaibishwa, na wengine waliona wameuzwa. Jirani yao wa upande wa kanisa, aliyekuwa akiwapungia mkono kila asubuhi kutoka kwenye trekta, sasa aliona kitu cha kutazama upande mwingine. Dukani kwa ushirika walimpa Siem jina jipya. "Milioni amekuja! Milioni, magunia ya mbolea mangapi leo, kwa makisio?" Siem alilipa, akabeba, akaondoka. Bango alilitoa mwenyewe, akalikunja kwa uangalifu, akaliweka ghalani na kamba zake.

Shuleni Tjerk aliiuliza tena mashine. Ikajibu lita milioni mia tatu, kwa mujibu wa mtaalamu wa maji wa eneo hilo.

"Haijasikia," alisema Tjerk.

"Itasikia lini?" aliuliza Madelief.

"Ipigie simu," alisema Tjerk, na Madelief akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Alikuwa hajamtazama Geertje machoni tangu ile Alhamisi, na Geertje hakumharakisha. Alimrudishia kazi yake na alama ya juu. Chini yake alijaribu kuandika kitu, akakifuta, akajaribu tena, akaacha alama peke yake.

Nyumbani waliishi kama wapangaji wawili wenye adabu. Siem hakupiga kelele. Alikuwa anawaza, na akiwaza alitembea, na ubao wa sakafu uliokuwa ukilia karibu na jiko ulilia jioni nzima. Mvua haikunyesha. Bodi ya maji ikatangaza kwamba huenda mifereji ikafungwa mwezi ujao.

Jumamosi Siem alikuja mlangoni na buti zake, hakuingia.

"Geer. Njoo kidogo."

Alimfuata mpaka mferejini. Pampu ilikuwa mahali pake pa siku zote, rangi imebabuka, na kwenye bomba lake, kati ya vifungo viwili vipya vya kung'aa, kulikuwa na mita ya maji. Geertje hakuuliza imenunuliwa kwa pesa ya nani. Siem aliwasha injini. Ilikohoa, ikashika, na mbali kule shambani maji yakapanda hewani, yakaanza kuzunguka juu ya safu za majani.

Siem alichuchumaa mbele ya mita, mikono magotini.

"Niulize," alisema, bila kumtazama.

"Nikuulize nini?"

"Kile unachowauliza watoto."

Geertje alichuchumaa kando yake. Magoti yake yalilia. "Pampu yako inavuta kiasi gani, Siem?"

Siem alisubiri sindano ya mita itulie. Ilitetemeka, ikapanda, ikashuka kidogo, ikakaa. Siem aliisogelea. Akarudi nyuma. Akaisogelea tena.

"Arobaini na moja," alisema.

Injini iliendelea kunguruma. Juu yao maji yalizunguka, yakaangusha matone machache mgongoni mwa Siem, yakapita.

"Baba alikuwa akisema sitini," alisema. "Siku zote alisema sitini."

Akanyoosha mkono, akakisugua kioo cha mita kwa kidole gumba, taratibu, akakisugua tena, kana kwamba zile kumi na tisa zilizopungua zimejificha chini ya tope.